Mtoto Aliyeomba Mama Yake Apone: Maisha ya C. S. Lewis

SEHEMU YA 1

Wiki iliyopita niliandika kuhusu watoto wanaoletwa wodini kumwona mzazi mgonjwa. Mama mmoja akaniuliza: "Nesi, mtoto wa miaka minane au tisa anaelewa nini kuhusu kansa?" Nikaahidi kujibu. Jibu limekuwa refu, maana nimeamua kulijibu kwa maisha ya mtu mmoja aliyeishi mbali na sisi, na zamani. Nitaligawa sehemu sehemu. Soma taratibu, nyonyesha, rudi uendelee.

Mtu mwenyewe ni C. S. Lewis. Wengi wenu mnamfahamu bila kujua kwamba mnamfahamu: ile filamu ya Narnia ya 2005, watoto wanaingia kabatini wanatokea kwenye nchi ya theluji yenye simba anayeongea, imetokana na kitabu chake. Lakini makanisani anajulikana zaidi kama mtetezi wa imani, yaani mtu anayeandika kumweleza asiyeamini kwa nini Ukristo una maana, kwa hoja, si kwa kupaza sauti. Katika karne ya 20 sidhani kama kuna aliyesomwa kuliko yeye katika kazi hiyo. Dada zangu Waislamu msinikimbie, sihubiri. Habari hii ni ya mama na mtoto.

Mchungaji anayekuja kuombea wagonjwa kwetu alinikopesha kitabu ambacho Lewis alisimulia maisha yake mwenyewe, kilichotoka mwaka 1955. Nilikianza zamu ya usiku kulipotulia. Nilipofika anaposimulia ugonjwa wa mama yake, nikakifunga. Anasema hawakumpoteza mama siku alipokufa. Walimpoteza kidogo kidogo kabla, jinsi alivyokuwa anaondolewa kwao na kuingia mikononi mwa manesi, kuchanganyikiwa na mofini. Manesi! Jamani. Miaka yote hii najiona mimi ndiye ninayemsaidia mama wa watu, kumbe kwa mtoto aliyesimama mlangoni naweza kuwa mmoja wa waliomchukua.

SEHEMU YA 2

Alizaliwa Belfast, Ireland, tarehe 29 Novemba 1898. Jina lake kamili ni Clive Staples, lakini akiwa mdogo kabisa alikataa majina hayo akataka aitwe Jack, na watu wake wa karibu wakamwita Jack mpaka anakufa. Baba yake, Albert, alikuwa mwanasheria. Mama yake, Flora, alikuwa binti wa mchungaji, na alikuwa na shahada ya hisabati, enzi ambazo wanawake wenye shahada walikuwa wa kuhesabika. Ndiye aliyemfundisha Jack Kifaransa na Kilatini nyumbani. Kulikuwa na kaka mmoja, Warren, waliyemwita Warnie, amemzidi Jack miaka mitatu. Nyumba kubwa, vitabu kila kona, mvua nje, watoto wawili darini wanachora na kutunga hadithi za wanyama wanaovaa nguo. Utoto mzuri tu.

Usiku mmoja Jack alikuwa anaumwa jino na kichwa. Akalia amwite mama. Mama hakuja. Hakuja kwa sababu na yeye alikuwa anaumwa. Chumbani kwake kulikuwa na madaktari, milango inafunguliwa na kufungwa, watu wanapita koridoni. Baada ya muda mrefu aliyeingia ni baba, analia, akaanza kumweleza mtoto mambo ambayo akili yake haikuwahi kuyafikiria.

Ilikuwa saratani ya tumbo. Februari 1908 madaktari walimfanyia Flora upasuaji palepale nyumbani, kama ilivyokuwa desturi kwa familia zenye uwezo. Akapata nafuu kidogo, kisha ugonjwa ukarudi. Mtoto akaomba. Alikuwa amefundishwa kwamba maombi ya imani yanajibiwa, basi akajilazimisha kuamini kwa nguvu zake zote kwamba mama atapona. Tarehe 23 Agosti 1908 Flora alifariki, siku ya kuzaliwa ya mume wake. Jack hakuacha kuomba: akahamia kuomba muujiza, mama afufuke. Wakampeleka chumbani auone mwili. Hilo analikumbuka kwa hofu tupu. Anasema hofu ilimeza hata huzuni.

Angalieni na baba. Mwaka huohuo Albert alimzika baba yake, akamzika mke, na siku chache baada ya mke akamzika kaka yake. Misiba mitatu ndani ya miezi michache. Akawa mkali, anaongea ovyo, anafoka bila sababu. Lewis anaandika kwamba katika kipindi kile baba alikuwa anawapoteza na wanawe pia, bila kujua. Wale watoto wawili wakabaki wameng'ang'aniana wao kwa wao.

Halafu, hata mwezi haujaisha tangu msiba, Jack akapandishwa meli kwenda shule ya bweni Uingereza. Miaka tisa! Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mpigaji wa kutisha, na baadaye alithibitishwa kuwa na ugonjwa wa akili. Shule ilikufa mwaka 1910 kwa kukosa wanafunzi.

Sasa, kuna kitu Lewis anasema hapa ambacho mimi nakipinga. Anasema kushindwa kwa yale maombi hakukuathiri imani yake, kwa sababu Mungu aliyemwomba alikuwa kama mganga tu: aje, afanye kazi, aondoke. Huenda ni kweli. Lakini nimeshawaona watoto wa umri ule kitandani kwa mama. Mtoto akiomba na asipate, na mtu mzima asikae naye kuongea, hitimisho analotoa mwenyewe ni moja kati ya mawili: Mungu hayupo, au mimi nilikosea kuomba. La pili ni baya zaidi, maana anaamini yeye ndiye aliyemuua mama. Kwa hiyo mama uliyeniuliza: anaelewa sana. Anaelewa kuliko tunavyotaka, anakosea maelezo tu, kwa kuwa amejitungia peke yake.

SEHEMU YA 3

Hapa nitakimbia kidogo. Katikati ya ujana wake aliacha imani kabisa. Alipata mwalimu wa nyumbani huko Surrey, mzee Kirkpatrick, asiyeamini Mungu, ambaye hukuweza kumwambia "naona leo hali ya hewa nzuri" bila kuulizwa una ushahidi gani. Jack akampenda. Kule ndiko alikojifunza kubishana kwa mpangilio, na inachekesha kwamba silaha aliyopewa na mpagani ndiyo aliyoitumia maisha yake yote kuutetea Ukristo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkuta. Alifika mstari wa mbele Ufaransa siku aliyotimiza miaka 19. Aprili 1918 kombora likamjeruhi. Kipande kimoja cha chuma kilibaki kifuani mwake mpaka kikatolewa mwaka 1944. Alipokuwa hospitali London alimwandikia baba yake amsihi aje kumwona. Baba hakuja. Nimewaona wanaume wazima wakigeuza uso ukutani saa ya kuona wagonjwa ili wasiangalie mlango, kwa hiyo habari hii sikuihitaji maelezo.

Rafiki yake wa jeshini, Paddy Moore, aliuawa. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki atamwangalia mzazi wa mwenzake. Jack akaenda kuishi na mama yake Paddy, Bi Moore, na binti yake, akawatunza kwa miaka zaidi ya thelathini, tena mama yule hakuwa mtu rahisi. Alipohamishiwa kwenye nyumba ya wazee, alimtembelea kila siku mpaka alipofariki mwaka 1951. Watu wameandika mengi kuhusu uhusiano ule ulikuwa wa namna gani hasa. Mimi naona kijana aliyekosa mama, na mama aliyekosa mtoto.

Mwaka 1925 akawa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo cha Magdalen, Oxford. Mwaka 1929 baba yake akapata saratani, na safari hii Jack alirudi Belfast akamuuguza wiki kadhaa. Albert alifariki Septemba, siku tatu tu baada ya Jack kurudi kazini. Ndiyo mambo ya kuuguza. Unakaa siku zote, unatoka kidogo, simu inakuja.

Kipindi hichohicho ndipo alipoanza kukubali kwamba Mungu yupo, shingo upande, anasema mwenyewe. Miaka miwili baadaye, Septemba 1931, alitembea usiku kucha kwenye viwanja vya chuo akiongea na marafiki wawili, Hugo Dyson na Tolkien, yule aliyeandika habari za hobiti na pete. Siku chache baadaye alikwenda kutembelea bustani ya wanyama ya Whipsnade, amekaa kwenye kiti cha pembeni cha pikipiki ya Warnie. Anasema aliondoka nyumbani hamwamini Kristo, akafika anamwamini.

Niwaibie kidogo kuhusu Tolkien. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka minne. Mama yake, Mabel, alikufa kwa kisukari mwaka 1904, Tolkien ana miaka 12. Insulini iligunduliwa 1921. Kwa hiyo usiku ule kati ya waliokuwa wanajadili Mungu, wawili walikuwa watoto walioachwa na mama zao mapema. Hakuna mwanahistoria aliyenituma niseme hivyo. Nimeliona tu.

SEHEMU YA 4

Kazi ya kuitetea imani ndiyo iliyompa jina. Mwaka 1940 alitoa kitabu kuhusu tatizo la maumivu: kama Mungu ni mwema na ana nguvu zote, kwa nini watu wanateseka? Ni kitabu kizuri, kimepangwa vizuri, kila hoja mahali pake. Mwandishi anakiri mwanzoni kwamba yeye si shujaa wa kuvumilia maumivu, nikampenda kwa hilo. Lakini nikiwa nasoma nilihisi kama naongea na daktari anayesimama miguuni pa kitanda. Anachosema ni sahihi, ila hajakaa.

Vita vya Pili vilikuwa vimeanza. Watoto walikuwa wanahamishwa kutoka miji mikubwa kukimbia mabomu, na wachache wakaletwa kwenye nyumba yake nje kidogo ya Oxford. Agosti 1941 redio ya BBC ikampa nafasi ya kuzungumza, robo saa kila kipindi, na vipindi vile vikaendelea kwa awamu mpaka 1944. Fikirieni wasikilizaji wake: watu ambao jana usiku walikuwa kwenye mahandaki, wenye waume vitani. Hakutumia lugha ya chuo. Kabla ya awamu ya pili alipeleka maandishi kwa viongozi wanne wa dini wayakague: Mwanglikana, Mmethodisti, Mpresbiteri na Mkatoliki, maana alitaka kusema yale tu ambayo Wakristo wote wanakubaliana. Mazungumzo yale yakakusanywa kuwa kitabu mwaka 1952, na bado kinauzwa.

Katikati ya hapo aliandika barua za shetani mzee anayemfundisha shetani mdogo namna ya kumpotosha binadamu. Zilitoka kwanza gazetini. Malipo aliagiza yapelekwe moja kwa moja kwa wajane wa wachungaji, pia akagawa fedha nyingine nyingi hivyohivyo, mpaka watu wa kodi wakamfuata walipiwe kodi ya pesa ambazo hakuwahi kuzishika. Rafiki yake mwanasheria ikabidi amfungulie mfuko maalum wa sadaka. Halafu barua! Alijibu karibu kila aliyemwandikia, watoto kwa wajane, na Warnie akimsaidia kupiga taipu.

Msidhani alishinda kila mjadala. Februari 1948, Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa kijana, Mkatoliki, alisimama mbele ya watu Oxford akaichambua sura moja ya kitabu chake kuhusu miujiza, akaonyesha hoja ilipolegea. Waandishi wanabishana mpaka leo aliumia kiasi gani. Ninachojua ni kwamba aliiandika upya sura ile, na toleo lililosahihishwa likatoka 1960. Anscombe naye alilea watoto saba na kuwa mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa karne yake. (Mnaoambiwa mkizaa akili inaondoka, mnasikia?)

Tangu 1950 zikaanza kutoka hadithi za Narnia. Kuna moja nataka muisome na watoto, iliyotoka 1955, mwaka uleule aliotoa kitabu cha maisha yake. Kuna mvulana anaitwa Digory, mama yake yuko kitandani, anakufa. Digory anafika kwenye bustani yenye tofaa linaloponya, na mchawi anamnong'oneza: chukua, ukimbie, umpelekee mama yako, ukikataa wewe ni mtoto wa namna gani? Alikuwa ametumwa alilete, hakuruhusiwa kujichukulia. Kabla ya kutumwa alikuwa amemsihi simba Aslan amponye mama yake, na alipoinua macho alikuta simba analia, machozi makubwa kuliko yake. Sasa anarudi kwake mikono mitupu kwa upande wa mama yake. Baadaye anapewa tofaa. Mama anapona.

Lewis alikuwa na miaka 56. Alikuwa ameshaandika vitabu vya hoja kuhusu mateso, lakini cha kumpa yule mtoto wa Belfast kilikuwa hiki: hukukosea kuomba, na uliyemwomba alikuwa analia na wewe. Na safari hii mama akaamka.

SEHEMU YA 5

Hii ndiyo ngumu. Wenye mgonjwa nyumbani mnaweza kuiacha mpaka siku nyingine.

Mwaka 1952 alikutana na Joy Davidman, mshairi Mmarekani mwenye asili ya Kiyahudi, aliyekuwa mkomunisti kabla hajawa Mkristo. Vitabu vya Lewis vilichangia. Ndoa yake ilivunjika, akahamia Uingereza na wanawe wawili, David na Douglas. Aprili 1956 Lewis alimwoa kiserikali ili apate kibali cha kuendelea kukaa nchini. Urafiki tu, alisema.

Joy alikuwa na maumivu ya mguu yaliyodhaniwa ni shida ya misuli na viungo. Oktoba 1956 alijikwaa kwenye waya wa simu nyumbani, mfupa wa paja ukavunjika. Picha zikaonyesha saratani imeshaingia kwenye mifupa, na chanzo kilikuwa titi. (Nasimama hapa sekunde moja: titi, uvimbe, njoo uangaliwe hata kama hauumi. Tuendelee.)

Tarehe 21 Machi 1957 mchungaji Peter Bide aliwafungisha ndoa ya kanisa, bibi harusi akiwa kitandani hospitali, ilhali askofu wa Oxford alikuwa amekataa kwa kuwa Joy alishaachika. Bide alimwekea mikono pia. Joy alipelekwa nyumbani akafe. Hakufa. Mfupa ukaanza kujijenga, akatembea, akapata zaidi ya miaka mitatu. Wakaenda Ireland pamoja. Aprili 1960, ugonjwa umerudi, wakaenda Ugiriki. Tarehe 13 Julai 1960 akafariki, ana miaka 45.

Lewis akachukua madaftari matupu yaliyokuwa yamezagaa nyumbani akaandika. Kilichotoka 1961 kilikuwa kitabu kidogo, kwa jina la bandia, N. W. Clerk, kwa hiyo watu wakaanza kumletea yeye mwenyewe kama zawadi ya kumfariji msibani. Mtetezi wa imani mkubwa kuliko wote anauliza mle Mungu yuko wapi, na anasema ni kama mlango umefungwa mbele ya uso wako. Anaogopa si kwamba Mungu hayupo, bali kwamba yupo na ndivyo alivyo. Baadhi ya watu husema hapo imani ilimwisha. Hawajasoma mpaka mwisho. Hakupata majibu, ila alitulia, na maswali yenyewe yakabadilika sura. Kile cha 1940 nakiheshimu. Hiki ndicho ningempa mtu kwenye benchi la nje ya wodi, tena si siku ya kwanza.

Lakini kilichonikamata mle ni mistari michache kuhusu wale wavulana. David alikuwa na miaka 16, Douglas 14. Kila alipojaribu kuongea nao kuhusu mama yao, aliona wanaona aibu, kama vile ametamka kitu kisichofaa, wanatamani anyamaze. Lakini anasema hawezi kuwalaumu. Alikumbuka: na yeye alihisi vilevile baba yake alipomtaja mama baada ya msiba.

Miaka mingi baadaye Douglas alieleza upande wake. Alijua kwamba Jack akimtaja mama, yeye angelia bila kuweza kujizuia, na shule za Kiingereza zilikuwa zimemfundisha kwamba mvulana kulia ni fedheha. Kwa hiyo Jack alidhani kijana hataki kusikia, na kijana alikuwa anataka kusikia kuliko kitu chochote. Nyumba moja. Wawili waliofiwa na mama wakiwa watoto, kila mmoja anamhurumia mwenzake kwa kunyamaza.

Hapa kwetu tunasema "mama amesafiri". Nimesikia bibi akimwambia hivyo mjukuu wa miaka saba pale nje, na mtoto akauliza mbona mkoba wake upo. Hakuna aliyemjibu, hata mimi. Nilikuwa nimeshika trei.

SEHEMU YA 6

Ya mwisho, fupi.

Lewis hakuwahi kupona vizuri baada ya Joy. Figo zake na moyo vilikuwa vimechoka. Mwaka 1963 aliacha nafasi yake ya uprofesa Cambridge, alikohamia tangu 1954, akarudi nyumbani, na aliyekuwa naye ni Warnie, kama zamani darini. Tarehe 22 Novemba 1963 Warnie alimpelekea chai saa kumi jioni. Saa kumi na moja na nusu akasikia kishindo, akamkuta ameanguka miguuni pa kitanda. Alikuwa amebakisha wiki moja kutimiza miaka 65. Dunia haikuona, kwa sababu siku hiyohiyo Rais Kennedy alipigwa risasi Dallas.

Kaburi liko kwenye uwanja wa Kanisa la Utatu Mtakatifu, Headington Quarry, Oxford. Warnie ndiye aliyechagua maneno ya kuandikwa juu ya jiwe, na kwa mtu aliyeandika vitabu vingi hivyo ungetegemea achague kitu cha Jack mwenyewe. Hakufanya hivyo. Aliweka mstari wa Shakespeare, kuhusu binadamu kuvumilia saa yake ya kuondoka. Chumbani kwa mama yao kulikuwa na kalenda ya ukutani yenye nukuu ya Shakespeare kwa kila siku, na mstari ule ndio uliokuwa kwenye kalenda tarehe 23 Agosti 1908. Warnie alikuwa na miaka 13 siku ile. Alikuwa ameukumbuka miaka 55.